Maswali na Majibu ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Uuguzi Siku ya Maafa

Tulipowaalika wasomaji watuandikie kuhusu vyuo vya uuguzi na maafa, tulitarajia barua za wanafunzi peke yao. Zimekuja pia za wazazi na walimu. Nimechagua tano, nikazifupisha, na majina ya vyuo na hospitali nimeyaondoa.

Sista, salamu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya uuguzi huku Mashariki mwa Uganda, na kutoka wodi ninakofanyia mafunzo ya vitendo milima ya Bududa inaonekana. Somo la maafa tulilipata kwa vipindi vichache ndani ya kozi ya afya ya jamii: tuliandika fasili, tukataja hatua za kukabiliana nayo, tukafanya mtihani, nami nikafaulu. Hivi karibuni watafiti walituletea dodoso la kupima utayari wetu na nikajipa alama za juu. Usiku nikajiuliza: udongo ukiporomoka kesho na watu wakaanza kuletwa, nitafanya nini hasa? Je, niko tayari? (Mwanafunzi, Mbale)

Ndugu mwanafunzi, swali ulilojiuliza usiku lina thamani kuliko dodoso ulilojaza mchana. Tafiti nyingi kuhusu utayari wa wanafunzi wa uuguzi, katika nchi mbalimbali, hutumia madodoso ya namna hiyo, na picha inayojirudia ni kwamba wanafunzi hujiweka kati ya kiwango cha chini na cha wastani, ilhali waliowahi kushiriki zoezi au kuhudumu katika tukio la kweli hujiweka juu zaidi. Matokeo hayo yana manufaa, lakini yanapima jinsi mtu anavyojiona. Mtu anaweza kujiona tayari kwa sababu hajawahi kujaribiwa, na mwingine akajipa alama ndogo kwa sababu ameshashuhudia jinsi mambo yanavyokwenda mrama. Kwa hiyo alama zako za juu hazinitishi wala hazinipi faraja.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kile kinachotaja kazi. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitoa mwongozo wa umahiri katika uuguzi wa maafa mwaka 2009 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2019 likatoa toleo la pili. Ngazi ya kwanza ya toleo hilo haimhusu bingwa. Inamhusu kila muuguzi aliyemaliza mafunzo ya msingi, yaani wewe baada ya miezi michache. Umahiri umegawanywa katika nyanja nane: maandalizi na mipango, mawasiliano, mfumo wa uongozi wa tukio, usalama, tathmini, huduma, urejeshaji wa hali, na sheria pamoja na maadili. Fasili uliyoiandika katika mtihani inagusa nyanja ya kwanza tu, tena kwa juu juu. Mtihani wa karatasi hauwezi kuonyesha kama unamjua mtu wa kumpa taarifa wodi inapofurika, au kama utathubutu kumwambia daktari kwamba mgonjwa aliyepelekwa nyuma anapaswa kuletwa mbele.

Sasa tuje milimani kwenu. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulikifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na kituo cha afya cha hapo kikafukiwa pamoja na watu waliokuwamo. Waliokufa na waliopotea walikadiriwa kuwa zaidi ya 300. Bukalasi, huko huko Bududa, ikapigwa Oktoba 2018, na vijiji vya Bulambuli Novemba 2024. Maporomoko ya udongo yana tabia yake: huua wengi papo hapo, huacha majeruhi wachache kuliko wanaotarajiwa, hukata barabara, na wanaookolewa hushushwa kwa machela za miti, kwa bodaboda na kwa malori, bila karatasi wala taarifa ya awali. Wanaofika kwanza si wenye hali mbaya zaidi. Ni wale wanaoweza kutembea. Wakishajaza vitanda vyote, yule aliyefukuliwa akiwa hai saa kadhaa baadaye atalazwa sakafuni.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kujifunza ni kupanga majeruhi kwa uzito wa hali zao, ambayo wodini tunaiita triaji. Njia ya START, iliyobuniwa California katika miaka ya 1980, ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuielewa asubuhi moja. Anayeweza kutembea huelekezwa kando na kupewa kijani. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa: akiendelea kutopumua hupewa nyeusi, akianza kupumua hupewa nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu, ambaye mapigo yake kwenye kifundo cha mkono hayashikiki ni mwekundu, na asiyeweza kutii agizo jepesi, mathalani kufumba na kufumbua macho, naye ni mwekundu. Aliyebaki hupewa manjano. Kila mtu achukue chini ya dakika moja, na tiba pekee inayofanyika hapo ni kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayobubujika. Kwa watoto, ambao ni karibu nusu ya watu wa Uganda, vipimo hubadilika: mtoto asiyepumua lakini mwenye mapigo hupewa pumzi tano kabla ya kuamuliwa rangi, na mwendo wa kupumua unaompeleka kwenye nyekundu ni ulio chini ya 15 au zaidi ya 45 kwa dakika.

Kuyakariri hayo si kazi. Kazi iko katika kumwacha mtu. Nimewaona wanafunzi werevu, wenye alama nzuri kuliko zako, wakipiga magoti kwa anayelia kwa sauti kubwa na kubaki hapo hapo, huku aliyenyamaza hatua tatu kutoka kwao akiishiwa na pumzi. Kumpita mtu anayekushika gauni ni jambo linalokwenda kinyume na kila kitu tulichowafundisha tangu mwaka wa kwanza kuhusu kumhudumia mgonjwa aliye mbele yako. Ikiwa siku ya kwanza ya kulifanya ni siku yenyewe ya maafa, wengi watashindwa, nami siwalaumu.

Chuo kilicho chini ya milima kingepaswa pia kusisitiza hatari ya kumnasua haraka mtu aliyebanwa mguu au paja kwa saa nyingi. Misuli iliyopondwa huachia potasiamu na uchafu mwingine ambao, mzigo ukiondolewa, huingia katika damu kwa mkupuo, ukaweza kusimamisha moyo mara moja au kuharibu figo siku zinazofuata. Inapowezekana, dripu ya maji ya chumvi ya kawaida huanzishwa kabla ya kumwondolea mzigo, na dripu zenye potasiamu huepukwa. Wewe kama mwanafunzi huamui hayo peke yako, lakini unaweza kuwa ndiye unayepokea taarifa ya simu kutoka kule juu, na ukijua umuhimu wa kuuliza “amebanwa tangu saa ngapi?” utakuwa umemsaidia daktari kuliko kumletea trei nzima ya vifaa.

Mitihani huzisahau kabisa wiki zinazofuata. Baada ya Nametsi, manusura walikusanywa katika kambi ya Bulucheke, na kambi ni mahali ambapo muuguzi wa kawaida anahitajika kuliko mpasuaji. Wapo waliopoteza dawa zao za virusi vya Ukimwi chini ya udongo na hawataki kulisema hilo mbele ya jirani. Wapo wenye shinikizo la damu, wajawazito waliokaribia kujifungua, watoto waliokosa chanjo, na vyoo vichache ambavyo mvua moja hutosha kuvigeuza chanzo cha kuhara. Hayo yote umeyasoma katika masomo mengine. Ni vile hakuna aliyekuambia kwamba hilo nalo ndilo somo la maafa.

Basi niko wapi na swali lako? Kabla ya wiki hii kwisha, jaribu kujibu haya bila kuuliza mtu: hospitali unayofanyia mafunzo ina mpango wa maafa, na umewekwa wapi? Nani hutangaza kwamba mpango umeanza kufanya kazi usiku, wakati mkurugenzi hayupo? Majeruhi watapangiwa wapi, chini ya mti gani au kwenye kibaraza kipi? Wanafunzi watasimama wapi, chini ya nani? Ukipata majibu yenye majina ya watu na mahali, uko tayari kwa kiasi kinachomhusu mwanafunzi. Ukikuta kwamba hata msimamizi wa wodi hayajui, basi si wewe uliyeshindwa mtihani.

Sista, mimi ni mzazi wa Kasese. Binti yangu anasoma uuguzi Kampala. Kila Ebola inapotangazwa mama yake halali usingizi, nami nimewahi kumwambia binti arudi nyumbani mara moja. Yeye anasema nikimtoa nitamwaibisha. Je, ni haki kwa chuo kuwaweka watoto wetu wodini wakati wa mlipuko, na wao bado wanajifunza? (Mzazi, Kasese)

Mzee wangu, hofu yenu ina msingi. Katika mlipuko wa Gulu mwaka 2000 waliougua walikuwa 425 na waliokufa 224, na miongoni mwa vifo vya mwanzo katika Hospitali ya Lacor walikuwamo wanafunzi wa uuguzi. Daktari Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano hospitalini hapo, alifariki Desemba mwaka huo huo. Katika mlipuko ulioanzia Mubende Septemba 2022, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 142, nao wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19, saba kati yao wakafa. Na Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi aliyefariki katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Virusi vya milipuko hii mitatu ni vya aina ya Sudan, ambayo haina chanjo iliyoidhinishwa; ile inayotumika Congo ni ya aina ya Zaire.

Lakini hebu tuangalie wahudumu hawa wanaambukizwa lini. Wengi huambukizwa katika wodi ya kawaida, na mara nyingi ni kabla ya mlipuko kutangazwa, wakati mgonjwa anatibiwa malaria au taifodi na hakuna anayemfikiria kuwa na Ebola. Baada ya tangazo, glavu hupatikana, milango hulindwa, na kila anayetapika huangaliwa kwa jicho lingine. Kwa hiyo ukimwita binti nyumbani siku ya tangazo, utakuwa umemwondoa baada ya wiki zile za hatari isiyoonekana kupita, tena ukampandisha basi kuelekea kwenu akiwa pengine amegusana na mgonjwa. Anayekuwa amegusana hufuatiliwa kwa siku 21, na ufuatiliaji huo haufanyiki vizuri mtu akiwa njiani.

Kinachomlinda ni yale anayoyafanya siku ambayo hakuna tangazo lolote, na hapo mzazi mwenye kulipa karo ana haki ya kuuliza. Uliza kama wanafunzi wanapewa glavu na chuo au wanajinunulia. Uliza kama amechanjwa homa ya ini ya aina B kabla ya kuingia wodini. Uliza ni nani anayepigiwa simu mwanafunzi akichomwa na sindano saa nane za usiku. Kisha mwombe binti mwenyewe akuonyeshe jinsi anavyovua vifaa vya kujikinga, maana kuvaa hakuna taabu kubwa. Wengi hujichafua wakati wa kuvua. Mtazame mikono: glavu ya kwanza ivutwe kutoka kwenye kifundo na kugeuzwa ndani nje, ibaki katika kiganja cha mkono wenye glavu, kidole kitupu kiingizwe chini ya ukingo wa ile ya pili, kwa ndani, kisha nayo igeuzwe juu ya ya kwanza, zitoke kama furushi moja, mikono ioshwe kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Akigusa barakoa usoni kabla ya kunawa, mrudishe mwanzo. Katika vituo vya Ebola hakuna anayevua peke yake. Mwenzake humsimamia na kumsomea kila hatua, hata awe mzoefu kiasi gani.

Kuhusu haki ya chuo, msimamo wangu ni huu, na wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami. Mwanafunzi asipelekwe kwenye wodi ya kutengwa kwa wagonjwa wa Ebola, hata akijitolea. Hajasajiliwa, sheria ya wauguzi na wakunga ya mwaka 1996 inamtaka aliyesajiliwa ndiye atoe huduma kwa jina lake, na msimamizi aliyevaa mavazi yale mazito kwenye joto hawezi kumlinda mtu mwingine wakati yeye mwenyewe anahesabu dakika za kutoka. Hata hivyo, kumfukuza kabisa si jibu. Mwezi Machi 2020, Korona ilipoingia, taasisi zote za elimu nchini zilifungwa, na wanafunzi wa uuguzi wakarudi makwao pamoja na wa sheria na wa biashara. Waliokuwa mwaka wa mwisho walianza kurejea Oktoba. Uingereza katika kipindi hicho hicho iliwaruhusu wanafunzi wa miaka ya mwisho kuchagua kazi ya wodini yenye malipo. Sisemi tungeiga hilo, kwa kuwa hospitali zetu hazikuwa na barakoa za kuwatosha hata waajiriwa. Nasema tulipoteza watu ambao wangeweza kupima joto mlangoni, kuwapigia simu waliogusana na wagonjwa, na kuwaeleza watu wa vijijini kwa lugha zao, kazi ambazo mwanafunzi aliyefundishwa kwa siku mbili anazimudu. Hilo lifanyike kwa hiari, kwa maandishi, mzazi akijua, na bila mtu kuadhibiwa kwa alama kwa sababu amekataa.

Kwa hiyo usimtoe binti, Mzee. Andika barua chuoni uulize hayo niliyoyataja, na uwaombe wazazi wengine watie sahihi.

Mwalimu mwenzangu, ninafundisha katika chuo kidogo cha binafsi Magharibi mwa nchi. Mtaala umetupa saa chache mno za maafa, hatuna chumba cha mazoezi chenye midoli ya kisasa ya kuigiza wagonjwa, na mkuu wa chuo anasema hakuna bajeti. Nifanye nini? (Mkufunzi, Bushenyi)

Mwalimu, midoli ya kisasa ni kitu kizuri, lakini usiisubiri. Zoezi la kupanga majeruhi linahitaji wanafunzi, kadi za karatasi, kalamu, vitambaa vya rangi nne na uwanja. Fundi cherehani yeyote ana mabaki ya vitambaa vyekundu, vya manjano, vya kijani na vyeusi, naye atakupa bure ukimweleza ni vya nini.

Gawa darasa sehemu mbili. Nusu walale uwanjani, kila mmoja na kadi kifuani: “Mwanamke, miaka 26, mjamzito, anapumua mara 36, mapigo yapo, anajibu.” “Mtoto, miaka 5, hapumui, mapigo yapo.” “Mwanamume, mguu umevunjika, anapiga kelele, anapumua mara 22, mapigo yapo, anatii maagizo.” Huyu wa mwisho mpe mwanafunzi mwenye sauti kubwa kuliko wote, umwagize asinyamaze, amshike kila apitaye. Nusu ya pili wawe waokoaji, wenye vitambaa, na wewe usimame na saa. Baada ya dakika kumi simamisha kila kitu, kisha pita kwa kila majeruhi, soma kadi yake kwa sauti, na tazama rangi aliyofungwa. Utakuta yule mwenye mguu uliovunjika amefungwa nyekundu na watu watatu wamemzunguka. Utakuta mtoto amefungwa nyeusi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka pumzi tano. Usiwacheke, wala usiwaache wachekane.

Sehemu inayofundisha zaidi ndiyo hiyo ya kuketi baada ya zoezi, na ndiyo ambayo walimu wengi huikata kwa sababu muda umekwisha. Itengee muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Waulize waliokuwa majeruhi walisikia nini walipokuwa wamelala chini, mara nyingi watakuambia kwamba hakuna aliyewaambia jina lake, au kwamba waokoaji wawili waliulizana “huyu tayari?” juu ya vichwa vyao. Kisha badilisha pande, rudieni.

Ukishafanya hivyo, ongeza ugumu kidogo kidogo. Fanya zoezi saa mbili za usiku, taa zikiwa zimezimwa. Wanyang’anye simu, maana mtandao huwa wa kwanza kuzidiwa, ili wajifunze kutuma mjumbe mwenye karatasi. Tena usiache kufikiria kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyopigwa: huko huko Magharibi, Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020 uliiharibu Hospitali ya Kilembe Mines, na wagonjwa ikabidi wahamishwe. Wape wanafunzi wodi ya kufikirika yenye wagonjwa kumi, wawili kwenye oksijeni na mmoja katika uchungu wa kuzaa, uwaambie maji yako getini. Nani anatoka kwanza? Mafaili yanabebwa na nani? Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo darasa zima hunyamaza, kwa maana hawajawahi kuwaza kwamba muuguzi naye hukimbia.

Kuhusu saa chache za mtaala, usipigane na mtaala, ujaze. Kuzuia damu ni somo la upasuaji, kuhara ni somo la afya ya jamii, kujifungua bila vifaa ni somo la ukunga, kumsikiliza aliyefiwa ni somo la afya ya akili. Kila mwalimu aweke kipindi kimoja cha somo lake ndani ya kambi au barabarani badala ya wodini, na utapata mara kadhaa ya saa ulizopewa bila kuomba ruhusa ya mtu. Kozi ya huduma ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoijaribu, ina vitabu na mazoezi yanayopatikana bure, itumie. Tawi la Msalaba Mwekundu la wilaya, polisi na kikosi cha zimamoto hufurahi kualikwa, na wakija wanafunzi watajua sura za watu watakaokutana nao siku yenyewe. Sera ya taifa ya maandalizi na usimamizi wa maafa ya mwaka 2010 inazitaka wilaya ziwe na kamati za maafa. Nenda kwa katibu wa kamati yenu uombe chuo kitajwe katika mpango wao, hata kwa sentensi moja. Chuo kisichotajwa popote huitwa kwa simu ya kubahatisha, au hakiitwi.

Usifanye zoezi mara moja ukaridhika. Ujuzi wa mikono usiotumika hufifia ndani ya miezi, kwa hiyo kila muhula uwe na lake, hata la saa moja.

Sista, nilikulia Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na wazazi wangu ni Wakongo. Nasoma cheti cha uuguzi. Wenzangu hunicheka kwa sababu Luganda changu ni kibovu, nazungumza Kiswahili. Je, lugha yangu itanisaidia lolote katika kazi hii? (Mwanafunzi, Isingiro)

Itakusaidia sana, na si wewe pekee. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wengi wanaovuka kutoka Congo kupitia Bunagana, Mpondwe au Ziwa Albert hufika wakiwa na Kiswahili kama lugha pekee wanayoweza kuelewana nayo na mhudumu asiye wa kabila lao. Kipindupindu kilipoingia katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali mwaka 2018 wagonjwa walipita 2,000, na kumweleza mama aliyechoka jinsi ya kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari ni kazi isiyofanyika kwa ishara. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini mgonjwa hasubiri maazimio. Mwombe mwalimu wako akuruhusu uwafundishe wenzako maneno ya wodini: wapi panauma, umeharisha mara ngapi, nani umekuja naye, mtoto amekojoa leo? Nawe ujifunze Luganda na Runyankole, kwa maana hutapangiwa kazi Nakivale maisha yako yote.

Sista, nilikuwa kwenye basi la Kampala tukakuta ajali mbichi. Nina sare ya chuo na watu wakaanza kuniita “musawo, shuka!”, yaani mhudumu wa afya. Niliogopa, sikujua kama sheria inaniruhusu. Je, ningepaswa kushuka? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Luweero)

Kutoa huduma ya kwanza si kufanya kazi ya uuguzi bila usajili; raia yeyote anaruhusiwa kuifanya. Shuka, lakini shuka kwa mpangilio. Kwanza tazama barabara, kwa sababu gari la pili huwagonga waokoaji, na mwombe dereva asimamishe basi mahali litakapowakinga na kuweka vitu vya kuonya pande zote mbili. Mtu mmoja apige 999 au 112.

Ukiona lori la mafuta, usisogee, na wafukuze wengine kwa sauti yako yote. Namungoona mwaka 2013 na Kigogwa Oktoba 2024 moto uliwaua watu waliolikaribia lori la mafuta, wengine wakiwa na madumu mkononi.

Pakiwa salama, jitambulishe kwa ukweli: “Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nitakusaidia.” Usitoe dawa, usichome sindano, usimnyweshe mtu maji hata akiomba, kwani huenda atahitaji upasuaji. Damu inayobubujika ibane kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kuchungulia kila baada ya sekunde chache. Ikikataa kwenye mkono au mguu, funga kitambaa kipana juu kidogo ya jeraha, kati yake na moyo, ukaze kwa kijiti hadi damu isimame, uandike saa uliyofunga. Asiyejitambua lakini anapumua mlaze ubavu, ukishikilia kichwa na shingo visipinde. Watu watataka kuwabeba majeruhi kwa mikono na miguu na kuwarundika kwenye teksi ya kwanza. Hapo ndipo sare yako ina nguvu, kwa hiyo itumie kuwaamuru walete mlango wa gari au ubao, na wainue kwa pamoja kwa hesabu yako. Gari la wagonjwa au la polisi likifika, mweleze anayepokea mambo manne kwa kifupi: umri, kilichotokea, ulichokiona, ulichokifanya na saa ngapi. Kisha nawa mikono, na ukirudi chuoni mwambie mwalimu wako kama uligusa damu bila glavu, siku hiyo hiyo, usingoje hadi asubuhi.